Ngoma Iliyopanda Mtaro

Kila asubuhi Gladness aliteremka mlima wa Kirumba kwenda shule akifuata mtaro unaoelekea ziwani. Ikiwa mvua imenyesha, alipita akiziba pua, kwa sababu waungwana wa mlimani walikuwa wametapisha vyoo. Mtu huzibua bomba la choo chake, mvua ikabeba kinyesi, naye akarudi ndani ameridhika. Wa chini watajua wenyewe.

Chini kabisa waliishi kina Winnie, rafiki yake. Mwezi wa nne maji hayo yaliingia uani kwao, na Shimba, mdogo wake Winnie, akayachezea. Kipindupindu kilimuua kabla hawajamfikisha hospitali. Viongozi wa mtaa walikuja kutoa pole, wakaonya watu, wakaondoka. Mvua iliyofuata, vyoo vikatapishwa tena.

Shuleni Gladness aliongoza bugobogobo, ngoma ya Kisukuma inayochezwa kwa majembe. Walipoanza mazoezi ya sikukuu ya shule, Winnie aligoma.

"Siwachezei wageni kwenye viti," alisema. "Tucheze mtaroni. Tuanzie kwetu tupande, na kila penye bomba tusimame tupige majembe."

Mwalimu Chenge alikubali. "Hii ni ngoma ya kazi, wazee waliicheza shambani," alisema. "Ila tusiruke bomba hata moja."

Katikati ya mlima kulikuwa na bomba lililofunikwa kwa gunia, nalo lilikuwa la kina Gladness.

Jumamosi ngoma ikapanda. Kwenye nyumba za kwanza mmoja alifunga mlango, mwingine akalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mzee Luhende, baba yake Gladness, alitazama kutoka mlangoni kwake akiwapigia makofi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Gladness angeweza kuwapitisha nyuma ya jiwe kubwa wasilione bomba la kwao, na hakuna ambaye angejua. Lakini Winnie alikuwa nyuma yake. Akasimama, akafunua gunia kwa jembe, akaanza kupiga.

"Gladness, unaniaibisha," baba alisema kwa sauti ya chini. "Mlima mzima unafanya hivi."

"Yanateremka kwa kina Winnie, baba," alijibu akilia. "Ndiyo yaliyomuua Shimba."

Mama Winnie, aliyekuwa akifuata ngoma, akasogea. "Ni kweli, baba Gladness, mlifanya wengi," alisema. "Niliyemzika mimi ni mmoja."

Mzee Luhende aliinamisha kichwa. Aliingia ndani, akatoka na koleo, akaliziba bomba lake palepale. Kisha akapanda pamoja na watoto. Waliowafukuza watoto hawakuweza kumfukuza jirani aliyeanza kwake.

Kabla ya vuli mabomba yote yalizibwa. Wenye nafasi walichimba mashimo mapya, na walioshindwa na mawe waliita gari la kunyonya majitaka.

Mvua ya kwanza ilipokatika, Gladness na baba yake waliteremka kwa kina Winnie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Winnie aliwaonyesha uani, palipokuwa na tope la kawaida tu. Machozi yalimtoka. "Laiti ingekuwa hivi mwezi wa nne. Uliumia kumwaibisha baba yako, najua, lakini anayedai haki huanzia mlangoni kwake. Uchafu ukitoka kwako haujaisha, mwanangu. Unakwenda kwa mtoto wa mtu."