Bakuli Lililosuguliwa kwa Majivu

Mto wake wa kitambaa upo. Gongo lake la mbao lipo. Bakuli lenyewe halipo.

Inspekta Dilmaya Rai alichuchumaa mbele ya rafu, ndani ya chumba cha kutafakari cha Mwalimu Anuj, mjini Patan, Nepal. Mabakuli mengine yote ya shaba, yanayogongwa ili mlio wake utulize watu, yalikuwa mahali pake, hata yale yenye nakshi za dhahabu. Kufuli halikuvunjwa. Dirisha la upande wa uani lilikuwa wazi.

"Ni Lhakpa tu," Mwalimu Anuj alisema. "Ndiye mlinzi, ndiye mgonga mabakuli. Mmeshamweka ndani, mnasubiri nini tena?"

"Nasubiri kujua kwa nini kaacha dhahabu."

Mzee Lhakpa alikuwa mahabusu tangu jana. Kesho angepandishwa kizimbani, na mtaa ulishamhukumu. Watu aliowagongea mabakuli miaka yote wakalala mikekani na kuamka wepesi, leo walikuwa wanahesabu vijiko vyao majumbani.

Dilmaya alimletea chai mahabusu.

"Mzee, lile bakuli lilikuwa na nini?"

"Sauti, mwanangu. Ukiligonga, mtu mzima analia na hajui analilia nini." Akanywa funda la chai. "Na mikwaruzo kwa ndani, upande mmoja, chini ya ukingo. Mwalimu huwaambia wageni ni alama za watawa wa kale."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema ni kijiko. Lakini nani ananiuliza mimi?"

Dilmaya alirudi kwa mwalimu bila hata kuvua kofia.

"Ulilipata wapi?"

"Monasteri moja huko milimani, karne nyingi..."

"Mwalimu!"

Anuj akatazama miguu yake. "Kwa mnunua vyuma chakavu. Alilitoa hapo uani, nyuma."

Uani wanawake walijaa bombani, ndoo na midomo vyote vikifanya kazi.

"Afande, karibu! Umekuja kufua?"

"Nimekuja kusikiliza." Dilmaya aligusa jiwe la kufulia. Majivu, mapya kabisa. "Nani anasugua vyombo kwa majivu, na sabuni ya unga imejaa madukani?"

"Heramaya wa ghorofa ya juu. Jana alfajiri yote, kwichi kwichi! Nikamwambia, wee dada, utajichubua ngozi."

"Mwache mwenzio," mwingine alimkatiza kwa sauti ya chini. "Tangu mwanawe Junu afe hayuko sawa. Baba mtu aliuza vyombo vyote vya shaba wampeleke hospitali. Mtoto akafa vilevile. Baba akakimbilia Qatar. Kesho mwaka unatimia."

"Si kesho, ni leo," wa kwanza alisema, akafunga bomba.

Heramaya alikuwa juu ya paa, amechuchumaa kando ya ukuta. Mbele yake bakuli liling'aa kama limetoka kwa mfua shaba leo, weusi wake wote umesuguliwa. Lilijaa wali wa maziwa.

"Dada Heramaya, unajua kilichonileta."

"Najua."

"Uliingilia dirishani?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Afande, ngoja kidogo. Hajala."

"Nani?"

"Junu wangu. Bakuli hili kaka yangu alilileta siku mtoto alipolishwa wali mara ya kwanza. Junu alikuwa akiligonga kwa kijiko akitaka kula. Siku za mwisho hakuweza kumeza kitu." Alifuta pua kwa ncha ya sari. "Kuhani alisema mtoto mchanga hafanyiwi ibada ya wafu. Nikamwekea chakula mwenyewe, kunguru, wajumbe wa wafu, wamfikishie. Sahani nimeweka, majani nimeweka. Hawagusi! Nikajua anataka chombo chake. Na kila jioni bakuli likigongwa kwa Mwalimu nilimsikia dirishani anaita ana njaa, na watu wamelala mikekani wanasema wamepata amani."

Dilmaya alifunga daftari.

"Mzee Lhakpa yuko mahabusu kwa sababu yako."

Heramaya aligeuka, uso umemshuka. "Lhakpa? Sikujua! Naapa sijatoka nyumbani tangu jana. Mtoeni. Andika ni mimi."

Dilmaya akapiga simu kituoni: mtuhumiwa amekiri, mzee aachiwe sasa hivi. Kielelezo kilitakiwa kufikishwa kituoni kikiwa kitupu. Alilitazama bakuli, akavua kofia, akakaa chini kando ya mama yule.

Walikaa. Jua likawachoma. Mwishowe kunguru mmoja alitua ukutani, akainamisha kichwa, akasogea.

Alikula kwa pupa. Mwanzoni mdomo wake uligonga bila sauti, wali ukiwa umejaa. Kadiri alivyokula, bakuli likaanza kulia, kwanza kwa mbali, kisha waziwazi, sauti ile ile iliyokuwa ikitoka dirishani kila jioni.

Heramaya alisikiliza mpaka ilipokwisha. Kunguru akaruka.

"Ameshiba," alisema. Akasimama na kunyoosha mikono yake miwili mbele ya inspekta. "Haya, twende."