Neno la Wino Mwekundu

Mke wa seremala huijua kazi ya mumewe kwa sikio. Ndivyo alivyokuwa Mama Pacha. Yeye yuko uani anapepeta mchele, masikio yake yako karakana. Randa ikilia, ajua mbao ndiyo kwanza zinalainishwa. Msasa ukikwaruza, ajua kazi inaelekea ukingoni. Na nyimbo zikianza, ajua kopo la vanishi limefunguliwa. Maana mumewe hakuweza kupaka vanishi bila kuimba.

Watu walimwita Kioo. Meza aliyoipaka yeye, ungeweza kujitazama humo ukachana nywele.

Lakini mwezi huo sifa yake iliingia doa. Alipaka kabati la vitabu vya shule akaacha mlango wa karakana wazi. Upepo ukavuma uani, vumbi likatua kwenye vanishi mbichi. Kabati likakauka na vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mwalimu mkuu alilipapasa, akatikisa kichwa.

"Fundi Kioo, mimi nilitaka kabati. Wewe umenipa msasa."

Watu wakaangua kicheko. Kioo hakucheka. Alilikwangua kabati lote, akaanza upya. Safari hii akaliziba dirisha kwa nailoni na selotepu. Akakunja gunia, akalishindilia chini ya mlango. Kisha akajifungia kwa komeo, yeye na kabati lake.

"Hata nzi akitaka kuingia humu, atabisha hodi," alisema.

Ni kweli, vumbi halikuingia tena. Lakini kila jioni Kioo alitoka humo macho mekundu, kichwa kinamgonga. Siku moja alikiangalia kiti akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Pacha," mkewe akamwuliza, "hicho kiti kimekuambia nini?"

Kioo alifungua kinywa ajibu. Badala ya kujibu akatapika.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupaka mkono wa mwisho wa vanishi. Mwalimu mkuu angekuja jioni kulichukua kabati. Mabinti pacha walipokwisha kwenda shule, Mama Pacha alisimama mlangoni pa karakana na kopo tupu mkononi.

"Baba Pacha, hebu nisomee hapa. Neno hili la wino mwekundu."

"Ni jina la kiwanda hilo. Wenye viwanda wanapenda majina yao."

"Jina la kiwanda si hili hapa mbele, lenye picha ya simba? Hili liko nyuma, peke yake."

"Mama Pacha! Miaka ishirini nimeshika brashi. Leo nifundishwe kazi na kopo?"

"Jana ulitapika."

"Nilikula nikashiba sana. Nipishe, mke wangu. Kabati hili likiharibika mara ya pili, nani tena atanipa kazi mji huu?"

Akaingia. Komeo likalia, ka! Punde nyimbo zikaanza.

Mama Pacha alitenga birika la chai jikoni, pale pale karibu na mlango wa karakana, kama siku zote. Kisha akalitazama tena lile kopo. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Kiingereza alikijua kama jirani wa mtaa wa pili, wa kusalimiana tu, si wa kuombana chumvi. Lakini herufi alizijua. Akazisoma moja moja kwa kidole: V, E, N, T, I, L, A, T, I, O, N.

"Jina gani hili, refu kama foleni," akanong'ona.

Upande wa pili wa ua aliishi Mama Deki, mfanya usafi wa hospitali. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, anaanika nguo. Mama Pacha akampitishia kopo juu ya ukuta.

"Dada, neno hili unalijua?"

Mama Deki hakulihangaikia hata kidogo. "Ventileshen. Hili nimelikariri kuliko jina la mama mkwe. Limebandikwa kwenye mlango wa stoo yetu ya dawa za kusafishia."

"Maana yake?"

"Kitendawili!"

"Tega, lakini haraka. Nina chai motoni."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Mtoto wa kunyonya anakijua hicho."

"Haya. Na kifaranga wa ndani akitaka kuvuta pumzi, hufanyaje?"

"Hulivunja."

"Basi ventilation ni kinyume cha yai. Ni chumba kupitisha hewa. Hewa safi iingie, chafu itoke. Hewa ni mgeni, shoga. Ukimpa pa kuingilia, mpe na pa kutokea. Dirisha huku, mlango kule."

"Na neno lenyewe linatumikaje?"

"Kama hivi. Sebule yako ina madirisha mawili, sema: this room has good ventilation. Chumba hiki kinapitisha hewa vizuri. Chumba kilichofungwa gubigubi kina poor ventilation. Tena neno hili lina ukoo. Kitenzi chake ni ventilate: kukipitishia chumba hewa. Ukiambiwa ventilate the room, usiulize, fungua." Akaligeuza kopo. "Na hapa wameandika: tumia mahali penye good ventilation. Mvuke wa vanishi, na wa thina ya kuichanganyia, hulewesha. Ukizidi, huangusha. Tena ni mzito, hukaa chini na..."

"Dada."

"Nini?"

"Mume wangu amejifungia ndani ya yai."

Wote wawili wakatega sikio. Hapo ndipo Mama Pacha alipotambua. Nyimbo zimekoma.

Alikimbia. Ungo ukapinduka, mchele ukamwagika uani. "Baba Pacha! Fungua!" Akaupiga mlango kwa viganja.

"Nakuja," sauti ikajibu, taratibu mno, kama ya mtu anayeongea chini ya maji. "Kabati... limeshaenda shule..."

Kisha kishindo. Puu!

"Jiko!" Mama Deki alikuwa anaruka ukuta na khanga yake mkononi. "Zima jiko kwanza! Mvuke huo unashika moto!"

Mama Pacha alinyakua ndoo, akaumwagia moto maji mpaka majivu yakaelea. Akaushika mchi wa kinu. Akasimama mbele ya dirisha, ubavuni mwa mlango. Ndani, nyuma ya nailoni, aliliona kabati linang'aa kama uso wa maji. Siku kumi za jasho. Akipiga, vioo na vumbi vyote vitaruka juu ya vanishi mbichi.

"Unangoja nini?" Mama Deki akafoka. "Kabati ni mbao. Hupakwa tena!"

Mama Pacha akapiga. Kioo cha dirisha kikapasuka. Akapiga tena, akaichana nailoni. Harufu ikatoka kama kofi la uso. Akapitisha mkono kwenye tundu, vioo vikamchana, akapapasa, akalipata komeo. Mlango ukafunguka. Akataka kujitosa ndani.

Mama Deki akamdaka kiunoni. "Ngoja! Wangapi wameingia kumwokoa mtu wakaanguka naye humo humo? Acha upepo upite. Haya, sasa vuta pumzi ya nje, uibane. Tunaingia, tunamshika kwapani, tunatoka."

Wakaingia. Kioo alikuwa amelala sakafuni, brashi bado mkononi. Walimburura mpaka katikati ya ua. Wakamlaza ubavu, wakamfungua kitambaa cha puani na vifungo vya shati.

"Nimletee maziwa!" Mama Pacha alilia.

"Maziwa yaache kikombeni. Aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, atapaliwa. Dawa yake ya kwanza ni hewa. Ya pili ni hospitali."

Mama Pacha alipiga magoti. Akamshika mumewe mkono. Akakitazama kifua chake. Kikapanda. Kikashuka. Kikakaa kimya muda mrefu kuliko miaka yote ya ndoa yao. Kikapanda tena. Kisha Kioo akakohoa, akafumbua jicho moja.

"Mama Pacha... nani amevunja dirisha langu?"

"Mimi."

"Na kabati?"

"Limejaa vumbi. Nitakununulia msasa."

Alilala hospitali siku mbili. Daktari alimwuliza, "Hukuziba pua?"

"Nilifunga kitambaa."

"Kitambaa huzuia vumbi, baba. Mvuke hukipita kama haukioni."

Aliporudi nyumbani alikaa kitako akawaza. Hewa inatakiwa. Vumbi halitakiwi. Ni mkewe aliyesema, "Kwani vumbi la ua hutulizwaje wakati wa kufagia? Si kwa maji?"

Tangu siku hiyo Kioo hufagia karakana jioni ya kuamkia siku ya kupaka. Asubuhi hunyunyizia maji sakafuni na uani, vumbi likalala. Kwenye dirisha ametundika kipande cha chandarua chenye unyevu. Amekata dirisha la pili ukuta wa mkabala, hewa ipate pa kutokea. Mlango hautiwi komeo. Akisikia kichwa kizito, hutoka nje papo hapo. Na jiko limehamia mbali, upande wa pili wa ua.

Kabati lilichelewa wiki nzima. Mwalimu mkuu alikuja amekunja uso. Alipolipapasa, uso ukakunjuka. Halafu kidole chake kikasimama pembeni, karibu na bawaba. Palikuwa na kovu dogo kwenye mbao, ambalo vioo vililichimba.

"Fundi, hapa palikushinda?"

"Hapakunishinda, mwalimu. Nimepaacha makusudi," Kioo alisema. "Hapo ndipo pumzi yangu ilipoingilia. Watoto wakikuuliza, waambie panaitwa ventilation."

Mwalimu akamgeukia Mama Pacha. "Mumeo amejifunzia wapi Kiingereza?"

"Kwenye kopo," alisema Mama Pacha, akaenda kutenga chai kwenye jiko lililo mbali.

Nyuma yake, madirisha yakiwa wazi, nyimbo zikaanza.