Mstari wa Peris

Mstari ulikuwa umerudi.

Wavinya aliufuta Ijumaa kabla ya kuzima kompyuta, na Jumatatu asubuhi akaukuta palepale, chini ya maelezo ya valvu ya tangi la Kalama: *Kabla ya kufungua, mpigie Levi. Ngoja ajibu.*

Alimuuliza Muigai, mkubwa wake, ni nani aliyeingia kwenye mafaili. Muigai akacheka, akasema ofisi ilikuwa imefungwa na ufunguo alikuwa nao yeye mwenyewe huko kwake Yatta. Labda hukusevu, akamwambia. Wanaume wa ofisi hulipenda sana neno labda.

Kampuni yao ya maji, hapo mjini Machakos, ilikuwa imewaachisha kazi watu wawili wa zamu waliokuwa wakifungua na kufunga maji, mahali pao ikaweka ejenti wa akili bandia. Ejenti haoni tangi wala hajui mtu. Anajua maelezo aliyoandikiwa tu: zana hii inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Kumwandikia maelezo hayo ndiyo ilikuwa kazi ya Wavinya. Zamani, wakati maelezo yalisomwa na watu, yaliandikwa na Peris. Na Peris alikuwa mke wa Levi, fundi anayeingia ndani ya matangi kuyasugua.

Peris aliugua, akafa. Levi akamwoa Wavinya. Mbuzi wa ntheo walishafika kwa kina Wavinya, na kwa Wakamba mbuzi hao wakishafika, ndoa haina tena mjadala.

Sasa niambie: mwanamke ameolewa kwa haki yake, halafu kila akiketi kazini asome mke mwenzake akimwangalia mumewe? Valvu za Lukenya hazikuwa na jina la mtu. Ni ya Kalama tu. Na ofisi nzima nayo haikuchoka: Peris aliandika vizuri, Peris hangeacha hivi. Wavinya aliijua kanuni ya kazi yake. Ukiondoa jina la mtu, weka sharti mahali pake. Andika valvu isifunguliwe mtu akiwa ndani ya tangi. Aliijua vizuri kabisa. Lakini kulibadilisha pendo la Peris liwe sharti, kisha alitunze kwa mkono wake, aliona ni kama kumfulia nguo. Akafuta tu.

Jumanne mstari ukarudi. Safari hii ulirudi na harufu, harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, na huo ulikuwa msimu wa vumbi, hata tambara la deki lilikauka kabla ya kufika kambani. Akafuta tena. Ndipo aliposikia, ndani ya kompyuta isiyo na spika, mlio wa simu inayoita upande wa pili: inaita, inanyamaza, inaita.

Harufu ikamfuata hadi nyumbani. Jioni moja alikuwa akimenya viazi jikoni, kigoda kikajivuta nyuma yake, polepole, kama mtu anayesogea asikie vizuri, na ile simu ikaanza kuita ndani ya ukuta, kisha ndani ya sufuria, kisha karibu kabisa na sikio lake, na kila ilipoita nywele alizosuka juzi zikafumuka msuko mmoja, bila mkono, bila upepo, mpaka zote zikamwangukia mabegani zikiwa zimelowa, naye akashindwa hata kukiweka kisu chini.

Levi aliingia akamkuta hivyo. Akamuuliza mbona amejimwagia maji.

"Yuko hapa," Wavinya alinong'ona.

"Nani?"

"Yule wako."

Levi hakubisha, na hilo lilimuuma kuliko nywele. Alivuta pumzi, kama mtu anayeitambua harufu, uso wake ukalainika.

Jumamosi Wavinya alijifunga leso usoni, asionwe na watu wa kanisa, akaenda kwa Syombua, mganga mzee. Syombua alimwaga mbegu za kibuyu juu ya ngozi, akazitazama kwa muda mrefu.

"Hili si jini la kununua, mwiitu wakwa, binti yangu. Ni mtu aliyekufa akiwa na kazi mkononi."

"Anamtaka mume wangu, Susu," Wavinya alimwambia bibi huyo.

"Hajasema anamtaka. Anauliza, akienda, ni nani atamngojea Levi."

"Mimi."

"Wewe utamngojea?"

"Si nimesema ni mimi. Mtoe."

Syombua alimwuliza tena, akapata jibu lilelile. Basi akamwogesha maji ya majani machungu, akamfukizia moshi chini ya shuka, akaliita jina la Peris mpaka likakauka mdomoni. Simu ikasikika ikiita, mbali, mbali zaidi, ikakata.

Jumatatu mstari haukuwepo. Harufu haikuwepo. Ejenti alijaribiwa kwa maelezo mapya, hakukosea hata zana moja, na Muigai akasema mbele ya watu wote kwamba sasa yamekuwa safi kuliko ya Peris. Siku hiyo Wavinya alitembea kama aliyevishwa taji.

Jumatano watu wa Kalama walituma ujumbe kwamba mifereji imekauka. Ejenti akapima tangi, akakuta maji yako chini sana. Akasoma maelezo: *Fungua maji yakipungua.* Akafungua. Hakuna aliyempigia Levi, aliyekuwa amemwaga maji ya tangi hilo mwenyewe ili alisugue, akaliacha koti lake na simu mfukoni juu ya kifuniko, akateremka na brashi.

Muigai aliwaambia waombolezaji kwamba ejenti hana kosa, alifuata maelezo. Na waliofutwa kazi, waliojua kupiga simu, walisimama nyuma kabisa wameshika makoleo. Levi alizikwa ubavuni mwa Peris, maana huyo ndiye wa kwanza.

Udongo ukiwa bado mbichi, Wavinya alirudi kwa Syombua.

"Mrudishe, Susu. Akae ofisini, akae jikoni, akae hata juu ya kitanda changu. Nitamvumilia."

Syombua hakukigusa kibuyu.

"Hawezi kuja tena, mwiitu wakwa," alisema. "Sasa ana mtu nyumbani."