Sauti Juu ya Litungu la Bernado

Katika Bunda nzima, kuanzia stendi hadi Manyamanyama, hajazaliwa wa kumfunga mdomo Gody. Nakuapia. Gody anatafsiri sinema kwenye kibanda cha video: picha inatembea, yeye kashika kipaza sauti, anamwongelea mwizi, anamwongelea polisi, hadi mbwa anamtafsiria, kisha anairekodi sauti yake juu ya picha na kuuza kopi. Watu wanakuja kumsikia yeye, picha ni kisingizio.

Basi Jumamosi moja, saa tisa alasiri, akaingia Ursula.

Alitoka Musoma kununua vitambaa, maana ni fundi cherehani pale Nyasho, yeye na shoga yake Nyangi. Gauni la njano alilojishonea mwenyewe, kiuno kimekaa mahali pake, raba nyeupe zimeshapigwa vumbi. Kilichomwingiza ni ubao wa mlangoni: LEO MAMA WA KISORYA. Muziki wa sinema ile aliutunga babu yake, Bernado Ngolo wa Butiama, aliyezikwa miezi minane nyuma. Ursula alitaka kitu kimoja tu: aone jina la babu likipanda mwishoni.

Akavumilia joto, akavumilia jasho la watu hamsini. Zikafika dakika tano za mwisho. Mama yule amesimama kwenye kivuko, anaiacha Kisorya, hasemi neno. Hapo ndipo Bernado alipoweka litungu, nyuzi nane zikilia kwa zamu, na sauti ya mwanamke mmoja kwa mbali. Ursula akafumba macho.

“Oyaa wanangu!” Gody akapasua. “Huyu mama hana nauli, anamkwepa kondakta!”

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Majina yakaanza kupanda, herufi kama sisimizi. Gody akabonyeza kitufe, ikaanza picha ya makarate.

“Rudisha!”

Watu wakageuka.

“Dada, picha imeisha,” Gody akasema kwa madaha. “Steringi kashaondoka.”

“Haijaisha! Kuna mtu alikaa miezi mitatu na litungu ili yule mama asiongee, wewe ukaongea badala yake. Nani kakutuma? Jina lake linapanda, unazima! Steringi mnamjua, adui mnamjua, aliyewaliza hamumjui. Ni babu yangu yule!”

Gody akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Na kile kiapo changu, kisahau.

Ursula alipotoka, Gody alimkimbilia hadi stendi na mfuko wa vitambaa aliousahau kwenye benchi. Aliomba radhi mara tisa, ya kumi akaomba namba.

“Halo, fundi. Nina kitu kimechanika.”

“Kilete.”

“Ni moyo.”

“Moyo hatushonagi hapa. Nenda hospitali ya mkoa.”

“Daktari kaniambia nirudi Nyasho.”

“Huyo daktari naye ana domo kama lako.”

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Jumapili Gody anashuka Musoma na shati lililonyooshwa, wanakula sato ziwani, Ursula anamtolea miiba huku akimtukana. Siku moja Gody akamshika mkono. “Malaika, ile picha ninayo safi, kabla sijaitia sauti. Siku ya kumbukumbu ya babu, Butiama nzima itaisikia.” Ursula akautangazia ukoo.

Wiki moja kabla, Gody akatuma flashi. Ursula na Nyangi wakaichomeka kwenye kompyuta. Kivuko. Litungu. Halafu, “Oyaa wanangu!”

Akapiga simu. “Gody, hii ni nini?”

“Mama, tulia. Mimi nikishatafsiri, ile ya mwanzo nafutaga, kompyuta inajaa. Nilidhani hiyo ilibaki. Nimetafuta, nikaona aibu kukwambia...”

“Kanda za mwenye picha zililiwa na mchwa! Kopi zote za huku zimetoka kwako! Umemzika babu mara ya pili, tena ukicheka.”

Akazima simu. Akaizima siku sita.

Na mimi niko upande wake. Muziki mwingine wa Bernado vijana wa studio wanaukata na kuubandika kwenye nyimbo zao, maharusi wanaingia nao ukumbini, watoto wanaupiga mluzi wakirudi shule. Uliza katunga nani, unatazamwa kama umeuliza jina la ukoo la mbuzi. Inaudhi! Mtu anakuachia machozi yako mwenyewe, unashindwa kusubiri dakika moja usome jina lake?

Siku ya kumbukumbu, Butiama, misa imekwisha. Ursula kavaa kitenge cha buluu nzito, macho mekundu, anatafuta namna ya kuwaambia watu kuwa muziki haupo. Ndipo Gody akaingia, vumbi hadi kwenye nyusi, nyuma yake Mzee Ryoba na litungu lake, na Bibi Rebeka akijikongoja.

“Kakuita nani?” Ursula akamrukia.

“Hakuna. Hawa ndio walirekodi na babu. Bibi nimempata Bukima, mzee nimempata Kisorya. Nitafungua picha bila sauti. Wao watapiga.”

“Na wewe?”

Gody akaziba mdomo kwa kiganja.

Shuka nyeupe ikatundikwa ukumbini, madirisha yakafunikwa mablanketi. Saa nzima na nusu Gody hakukohoa. “Tafsiri, Gody!” mtu akapiga kelele, Gody akatikisa kichwa. Kivuko kilipoondoka, Mzee Ryoba akagusa nyuzi, sauti ya Bibi Rebeka ikapanda, imezeeka, inakwaruza, lakini ni ileile. Watu wazima wakalia bila kujificha. Majina yakapanda, Gody akaisimamisha picha: MUZIKI: BERNADO NGOLO. Akaiacha palepale hadi wote wakasoma kwa sauti.

Nje, akampigia Ursula goti. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao, nikamsikia Ursula akisema, “Ndiyo, mpenzi, hata kesho.”

“Muongo!”

Ni Nyangi huyo, anasoma nyuma ya bega langu.

“Hakusema hivyo. Alisema, ‘Jumamosi uje kwa baba na wazee wako, na mmoja wao ndiye aongee. Wewe utakaa.’ Nilikuwepo. Wewe ulikuwa nyuma kwenye sufuria ya pilau.”

“Nilitoka kidogo tu...”

“Kidogo? Uliondoka yule mama wa kwenye picha alipopanda kivuko! Na jina la marehemu lilipokaa kwenye shuka, ukumbi mzima unalisoma, wewe ulikuwa unapakua.”