Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Kila asubuhi Nerima hufungua duka lake la kupiga chapa pale Kariobangi. Hufagia mlangoni, kisha huwasha kompyuta. Watu huja kuandikiwa barua za kuomba kazi. Siku hizi huja pia kusomewa imeli.

Laini ya simu haikufika dukani kwake. Ilifika kwa Johnson, muuza vipuri, ng'ambo ya barabara. Waya ukipitishwa juu, malori huukata. Kwa hiyo Wavinya, fundi wa kompyuta, aliwawekea kadi ya redio ndani ya kila kompyuta na antena juu ya kila paa. Tangu hapo barua huvuka barabara kwa hewa.

Asubuhi hiyo Susu Koki alitangulia wote. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na mtaa mzima humwita hivyo. Mwanawe Maingi ni mwalimu Botswana. Mke wa Maingi alikuwa amepelekwa kupasuliwa ili ajifungue.

"Nerima mwanangu, Maingi ameandika?"

"Sijui, Susu. Mtandao umekataa."

Jana yake Nerima alikuwa amefuta kila kitu na kuweka mfumo mpya, ile programu kuu inayoendesha kompyuta. Mashine iliwaka haraka na picha zilipendeza. Mtandao tu ndio haukuwepo.

Mumewe, Wafula, alipanda juu ya mabati. Akaanza kuzungusha antena, kama tufanyavyo televisheni ikisumbua.

"Hapo je?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Umepitisha, rudi kidogo," akajibu kinyozi wa jirani, ambaye hata hakuiona kompyuta.

Susu alikaa akisokota ncha ya leso. "Kitendawili," akasema, ili moyo utulie.

"Tega."

"Nyumba imefungwa, na ufunguo uko ndani."

Kabla Nerima hajajibu, Wavinya aliingia. Alikuwa ameitwa.

"Baba Triza, shuka," akamwambia Wafula. "Utatoboa mabati ya landilodi." Kisha akamgeukia Nerima. "Tangu jana umebadilisha nini?"

"Mfumo tu."

"Basi antena haina kosa. Kila kadi ina programu yake ndogo, tunaiita draiva. Ndiyo inayoifundisha kompyuta kuitumia kadi. Ulipofuta vyote, ulifuta na draiva. Mfumo mpya unaiona kadi kama mgeni."

"Draiva nyingine inapatikana wapi?"

"Kwenye mtandao."

"Na mtandao sina, kwa sababu sina draiva." Nerima akashika kichwa. "Susu, jibu la kitendawili ni kompyuta yangu."

"Si hilo," akasema Susu, lakini alicheka.

Wavinya alichukua disketi akavuka hadi kwa Johnson, kwenye laini ya simu. Akatafuta draiva ya kadi ile ile, iliyotengenezewa mfumo mpya. Akairudisha ndani ya disketi, kwa miguu. Kila hatua ya kuiingiza kwenye kompyuta alimwachia Nerima abonyeze mwenyewe.

"Sasa andika jina la mtandao wenu. Liwe kama la Johnson kabisa, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo."

Taa ya kijani ikawaka kwenye kadi. Wafula aliitazama, akatikisa kichwa. "Huyu mama fundi ana akili. Mimi ningezunguka na antena mpaka Krismasi."

"Siku nyingine," Wavinya akasema, "draiva iingie kwenye disketi kwanza. Ndipo ufute."

Barua ya Maingi ilikuwepo. Nerima akasoma polepole: "Mama, wote wawili wako salama. Ni msichana. Tumemwita Koki."

Susu alifunika uso kwa leso.

Disketi ile sasa imetundikwa ukutani dukani. Mtu yeyote mtaani akitaka kuweka mfumo mpya, Nerima humwonyesha kwanza.

Siku ile, Susu akiwa mlangoni, Nerima alimwita. "Hujatupa jibu la kitendawili."

"Mtoto tumboni," akasema Susu. "Lakini huyo ameshafunguliwa."