Kanda ya Tano ya Mpui

Kila siku nikitoka shule nilipita sokoni, nikakata nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, nikaingia ofisini kwa mama. Ofisi! Kilikuwa chumba kimoja chenye televisheni, deki mbili za video, kamera moja na rafu ya kanda iliyofika darini. Navua viatu, nasalimia, nafagia, ndipo nakula. Mama yangu, Kristiana, alikuwa mwalimu kabla ya kutengeneza filamu, kwa hiyo utaratibu wake haukuwa na mjadala.

Miaka michache nyuma serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kufungua redio na televisheni, na mama akaacha chaki akashika kamera. Mjini Sumbawanga watu walimcheka. Mwanamke na kamera begani? Alipiga picha za harusi na kipaimara akisaidiwa na mjomba Lazaro, mpiga picha wake. Si ndugu yetu wa damu, lakini mimi nilimwita mjomba tangu nikiwa mdogo. Kisha mwaka 1998 wizara ikatangaza gazetini kwamba inatafuta watengenezaji binafsi wa kutengeneza filamu kuhusu kilimo cha mikoani. Mama aliandika andiko lake, akalituma, akangoja miezi minne. Likakubaliwa. Siku barua ilipofika alicheza ofisini mpaka akagonga meza.

"Usidhani wameshatupa," aliniambia baadaye. "Andiko ni ahadi. Nimewaandikia nitapiga picha gani, wapi na nani. Tumesaini mkataba. Sasa tunapiga picha, tunahariri, halafu anakuja mkaguzi kutazama filamu kabla haijakamilika. Akikuta nilichoahidi hakimo, mkataba unavunjwa na kazi wanapewa wengine."

"Wengine gani, mama?"

"Wa Dar es Salaam. Watakuja na magari yao, wakae siku mbili, waseme Wafipa wanalima vichuguu."

Alichoahidi mama ni ntumba, yale matuta yetu ya mviringo. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima hukata nyasi mbichi pamoja na udongo wake, akazilaza na kuzifukia, tuta likainuka. Nyasi zinaozea ndani na kuwa mbolea. Kazi hiyo ina majira yake tu. Mwezi Machi mama na mjomba Lazaro walikaa kijijini Mpui siku tatu kwa Bibi Luciana, mkulima hodari kuliko wote pale, wakarudi wamejaa matope na furaha, na kanda tano.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Kaseti ya video ina kidude kidogo cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, kamera haiwezi tena kurekodi juu ya picha zilizomo. Kwa mama hiyo ilikuwa sheria: kanda yenye kidude ni tupu, isiyo na kidude usiiguse. Mchana waliporudi alinipa zile kanda tano. "Vunja vidude vyote, Wini, na uziandike majina. Usitoke kabla hujamaliza."

Nikavunja cha kwanza kwa ncha ya mkasi, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano kilikuwa kigumu. Mkasi uliteleza ukanichoma kidole. Nje rafiki yangu Jenifer alikuwa akiita, "Wini wee! Netiboli imeanza, tutaachwa!" Nikaipachika kanda ya tano kwenye rafu hivyohivyo, bila jina. Nitaimalizia kesho, nilijisemea. Mlangoni mama akaniuliza, "Umemaliza? Zote tano?"

"Ndiyo, mama. Zote."

Kesho yake nilisahau. Kesho kutwa pia. Sikukumbuka hata kidogo mpaka mwezi Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika kweli, mama alipoanza kuhariri.

Ilikuwa Jumanne. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumanne iliyofuata. Mama alishusha kanda nne za Mpui, akatafuta ya tano. Akapekua rafu nzima. Akapekua mkoba wa kamera na chini ya meza. Mwishowe akaanza kuweka kanda zote kwenye deki, moja baada ya nyingine. Akaweka moja iliyoandikwa "Kipaimara, Mei" kwa mwandiko wa mjomba Lazaro. Tukaona watoto waliovaa meupe, kwaya, askari wa parokia wakipanga watu. Misa ilipoisha picha ikakatika, na hapo akatokea Bibi Luciana na jembe lake, anafukia nyasi. Nusu dakika tu. Kisha kanda ikaisha.

Mama alikaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Mungu wangu, ndiyo hiyo. Kazi yote ya kufukia nyasi ilikuwa humo."

Mjomba Lazaro alipoingia, mama hakumsalimia. Alimwonyesha kaseti. "Umerekodi kipaimara juu ya Mpui."

Mjomba alitazama, akashika kichwa. "Dada Kristiana, kanda hii ilikuwa na kidude. Haikuwa na jina. Nimekivunja mimi mwenyewe baada ya misa."

"Vidude vilivunjwa tangu Machi! Mmezoea nyie wapiga picha, mnabandika karatasi ya gundi pale penye tundu mnarekodi upya. Kanda tupu zilikwisha, ukaona uzibe!"

"Sijaziba kitu. Muulize mtoto."

Wakanigeukia wote wawili. Nilipaswa kusema pale pale. Hata leo nikikumbuka najichukia.

"Wini, ulivunja zote tano?"

"Nilivunja, mama."

Mjomba Lazaro aliniangalia. Alichukua koti lake msumarini, akaweka ufunguo wa ofisi juu ya meza, akatoka. Mama hakumzuia.

Siku zile nne sitaki hata kuzikumbuka. Mama hakula. Alikuwa akiirudisha nyuma ile nusu dakika na kuitazama tena, kana kwamba itarefuka. "Bila picha zile sina filamu," aliniambia. "Watavunja mkataba. Na wizara haitampa tena kazi mtu yeyote wa huku, watasema hatuwezi." Shuleni nikasikia mwenzangu akisema baba yake amesema Lazaro ni mwizi wa kanda, tusimwite kupiga picha za ubatizo. Mara mbili nilifungua mdomo mbele ya mama, na mara mbili nikaomba chumvi.

Jumamosi mama akasema, "Twende Mpui. Nitamwomba Bibi Luciana arudie."

"Lakini ni Juni, mama."

"Nyamaza, Wini. Beba begi."

Bibi Luciana alitupokea vizuri. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanishika kidevu. Aliposikia tulichotaka alikunja uso. "Nyasi zimekauka, mwanangu. Udongo ni jiwe. Hata maharage juu ya matuta tumeshavuna."

"Fanya tu, bibi. Nakuomba."

Akafanya, kwa huruma tu. Jembe liligonga ardhi likaruka. Nyasi alizozikata zilikuwa kavu, zikapeperuka kwa upepo kabla hajazifukia. Mama alishika kamera mwenyewe. Baada ya muda Bibi Luciana akaacha, akaegemea mpini.

"Nimechoka kudanganya," alisema. "Mfipa yeyote akiona hii atajua ni maigizo. Atauliza, huyu bibi ana wazimu, anatengeneza ntumba wakati wa baridi? Na Lazaro yuko wapi? Yeye angekwambia."

Mama aliishusha kamera, akageukia upande mwingine, akalia. Sikuwahi kumwona mama akilia, hata siku tuliyomzika baba.

"Mama, sikukivunja!" Nilipiga kelele, sikuweza kusema taratibu. "Kidude cha tano sikukivunja. Kilikuwa kigumu nikakimbilia netiboli. Mjomba Lazaro hakuziba kitu. Nilikudanganya Machi na nikakudanganya tena Jumanne."

Nilingoja kofi. Halikuja. Mama alinigeukia, macho mekundu.

"Nimemfukuza," alisema kwa sauti ndogo. "Nimemfukuza mtu wa haki, na wewe umesimama pale unatazama."

Bibi Luciana ndiye aliyetutoa pale. Alikwenda kwenye tuta moja la Machi, akalipasua katikati kwa jembe. Ndani udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu, na nyasi zimeoza nusu, mizizi ya maharage imepenya humo. "Mnataka kuwaonyesha nyasi zinavyofanya kazi, si ndiyo? Kufukia ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni hii, na hii ipo hata sasa."

Mama akalitazama lile tuta. Akapangusa uso kwa kanga. "Twende Katandala," aliniambia. "Kwa Lazaro. Na utasema wewe."

Nilisema, mbele ya mkewe Debora na watoto wao, nikiwa nimesimama uani. Mama naye akaomba radhi. Mjomba Lazaro alikuwa akifungua redio mbovu, akaendelea kufungua skrubu mpaka nikamaliza. Kisha akamuuliza mama, "Kesho saa ngapi?"

Jumapili baada ya misa walikwenda Mpui, wakapiga picha za matuta yaliyopasuliwa. Jumatatu walihariri mpaka umeme ukakatika. Jumanne mkaguzi, Bwana Ngeleja, akafika na basi la Mbeya akiwa amejitanda blanketi. Kabla hajakaa, mama alimweleza yote. Kwamba picha za kufukia nyasi zimefutika. Kwamba alijaribu kuigiza akashindwa. Kwamba hapa kuna barua ya kuomba kubadilisha andiko.

Bwana Ngeleja aliisoma barua mara mbili. "Nani aliyesema kanda iko salama wakati haiko?"

Mama hakunitazama. "Ni mimi," nilisema. "Shikamoo."

"Marahaba." Hakucheka. "Mama, mimi nimezaliwa Shinyanga lakini nyasi za Juni nazijua. Ungeniwekea maigizo, ningevunja mkataba leo hii, na jina lako lisingerudi wizarani. Mkataba unaruhusu mabadiliko kama mtengenezaji ameyasema mwenyewe kabla ya ukaguzi. Umesema. Washa deki."

Alitazama bila kukohoa. Lilipofika lile tuta jeusi lililopasuliwa, na Bibi Luciana akiingiza mkono ndani na kutoa konzi ya udongo, aliomba lirudishwe nyuma alione tena. Mwisho akasaini, kwa masharti mawili: filamu ipunguzwe dakika kumi, na isemwe wazi humo kwamba picha hizi ni za Juni. Mama alikubali yote mawili kabla hajamaliza kuyasema.

Alipoondoka, mama akamsindikiza stendi. Nilibaki na mjomba Lazaro, tukikunja nyaya. Nikamwambia nashukuru hakunisema vibaya mbele ya mkaguzi.

"Wini," alisema, bila kupandisha sauti. "Siku ile ya Machi ungesema hujamaliza, mama yako angekugombeza, mngekula ugali, yangekwisha. Kanda kufutika ni ajali. Tumetafuta namna, tumepata. Lakini lile neno lako la pili, mimi nikiwa nimesimama mbele yako, halikuwa ajali. Siku nne nimepita sokoni watu wakificha pochi. Mwanangu wa kwanza aliniuliza, baba, ni kweli? Kazi iliyoharibika utaisema, tutahangaika pamoja. Usimwache mtu mwingine ahangaike nayo peke yake."

Nilitoka nikamkuta mtoto wake huyo, Alfonsi, amekaa nje ya duka la vipuri akimngoja baba yake. Nikaketi kando yake, nikamweleza kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba baba yake hakuiba.