Mishale ya Chiriku

Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Akitumwa dukani, hurudi na chumvi pamoja na habari za mtaa mzima. Lakini mbele ya karatasi ya mtihani maneno yote yalimkauka. Safari hii aliandika kwamba chakula kikitoka tumboni huenda mapafuni.

Mama yake alisoma jibu hilo akacheka, kisha akanyong'onyea. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa sayansi wa darasa la mwanawe. Na mwalimu mkuu alikuwa ameshasema: Chiriku apewe mtihani mwingine, na akishindwa tena, atarudia darasa.

"Mama, ukieleza nasikia," Chiriku alimwambia wakiosha vyombo. "Ila sijui kipi kinaanza, kipi kinafuata. Yote yanajichanganya."

Mama akaenda kubisha hodi kwa jirani yao, mwalimu wa kompyuta wa shule hiyo hiyo. Jirani alimwonyesha programu ya kuchora visanduku. Unaandika neno ndani ya kisanduku, unakivuta unapotaka, kisha unakiunganisha na kingine kwa mshale. Alimweleza kwamba wapo watoto wanaoshika somo vizuri zaidi wakiona jinsi mambo yanavyofuatana.

Mwisho wa juma mama hakushika kazi nyingine. Alichora njia yote ya chakula, akaipamba kwa rangi kama bibi harusi. Jumatatu akaimulika ukutani darasani, na watoto wakapiga makofi. Alipoizima na kuanza kuuliza maswali, wote waliinamia madawati, Chiriku akiwa wa kwanza.

Mama alimrudia jirani uso umemshuka. Jirani alitaka kujua nani alivivuta visanduku. Mama akajibu kuwa ni yeye mwenyewe, tena kwa uangalifu mkubwa.

"Basi hongera, wewe umeelewa," jirani alisema. "Watoto umewatafunia, ukawamezea pia. Wape visanduku, mpangilio wautafute wenyewe. Wakosee, wabishane, wapange upya. Kufuta ni kubonyeza tu."

Kesho yake Chiriku aliitwa mbele kwenye kompyuta. Alivuta mdomo, akavuta umio, akavuta tumbo. Kisha akaelekeza mshale kwenye mapafu. Mama aliuma ulimi asimsahihishe. Msichana mmoja akauliza chakula kitapita wapi kufika huko, na kikifika, hewa itakaa wapi. Darasa likacheka. Chiriku aliufuata mchoro ukutani kwa macho, kuanzia mdomoni.

"Kumbe njia ni mbili," alisema polepole. "Zinaachana kooni. Hewa huku, chakula huku." Akaufuta mshale, akavuta utumbo mwembamba mahali pake.

Siku ya mtihani hapakuwa na kompyuta. Chiriku alichora visanduku vyake kwa penseli pembeni mwa karatasi, akaviunganisha, ndipo akaanza kuandika. Karatasi ilisahihishwa na mwalimu mwingine, mama asije akashukiwa upendeleo. Chiriku alifaulu. Mama alifurahi hadi machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Jioni, baada ya kula, Chiriku alichovya kidole majini akachora mezani. Kisanduku cha kwanza kilikuwa vyombo vichafu. Cha pili, mtoto aliyefaulu na kuchoka. Cha tatu, mama.

"Na mshale unaelekea wapi?" mama aliuliza.

Chiriku aliuvuta taratibu kutoka kwenye vyombo, akauzungusha nje ya mtoto, akaufikisha kwa mama. Mama aliukagua mchoro kama mwalimu, akakosa kosa, akakunja mikono ya gauni na kwenda kuosha vyombo.